Jina la Herta Mlangoni

Herta Näscher alizuiwa mlangoni mwa kasino siku ya Jumatano, saa nane mchana, mbele ya watu watatu waliomjua tangu utotoni. Ilipofika saa tisa kasorobo alikuwa ameketi jikoni kwa mdogo wake Gebhard, koti hajalivua, kahawa inapoa mbele yake.

Alieleza mara mbili, maana mara ya kwanza hata yeye hakuamini alichokuwa anakisema. Kijana wa mlangoni alichukua kitambulisho chake kama kawaida, akakipitisha kwenye mashine, akatazama, akatazama tena. Kisha akashusha sauti, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi, akamwambia jina lake limo kwenye orodha ya waliofungiwa. Si pale tu, bali kila kasino nchini, kwa muda usiopungua mwaka. Alipouliza amekosa nini, akaambiwa hajakosa. Kuna mtu aliyewaandikia kwamba kamari inamharibu.

"Mtu gani?" aliuliza Gebhard.

Sikilizeni hayo, jamani. Aliliuliza swali hilo kwa kinywa chake mwenyewe, huku anakata mkate, na jibu analo. Mtu huyo alikuwa yeye.

Herta akasema hawataji majina. Akaugeuza mkono wake juu ya meza kana kwamba anatafuta kitu kiganjani.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Sasa mimi nguo zangu ni chache, Gebhard. Nianze kupekua ipi?"

Gebhard akasukuma sahani ya mkate mbele. Alimwambia ale kidogo, mambo hayo yatapita, huenda hata ni heri. Herta hakula. Kila baada ya dakika mbili tatu alikuwa akiitazama saa ya ukutani, na mwisho akauliza Rita atarudi saa ngapi. Rita ni mke wa Gebhard. Jumatano na Ijumaa mchana alikuwa akipanda basi kwenda Eschen kuwasomea magazeti wazee wa nyumba ya kulelea, na saa kumi na moja alikuwa nyumbani. Siku hiyo alirudi saa moja kasorobo, uso umemsawijika, akaenda moja kwa moja kulala.

Tuseme ukweli, Gebhard hakuwa mtu mbaya. Miaka thelathini na minane alifanya kazi posta ya kijijini kwao, Ruggell, na hakuna barua iliyopotea mikononi mwake. Alistaafu majira ya kuchipua ya mwaka uliotangulia, akarudi nyumbani kutwa nzima, na mtu aliyezoea kupanga huwa hajui kuacha kupanga. Alipanga vikombe. Alipanga makopo ya viungo. Alimweleza Rita, mwanamke aliyempikia miaka arobaini, kwamba mayai anayachemsha kwa dakika moja zaidi. Rita akawa anaitikia, "Sawa, sawa," na baada ya miezi michache akapata kazi ile ya kujitolea kwa wazee. Gebhard alifurahi, akawaambia watu kwamba mke wake ana moyo.

Makasino hakuyapenda hata kidogo. Nchi ina watu elfu arobaini, unaivuka kwa gari kabla nyimbo nne za redio hazijaisha, na bado yalichipuka moja baada ya jingine kando ya barabara, viwanja vimejaa magari ya Waswisi na Waaustria. Ilipopigwa kura ya kuyapiga marufuku, Gebhard alikuwa wa kwanza kituoni, amevaa tai. Waliotaka marufuku walishindwa vibaya. Wengi walisema kodi yake tamu, waache. Gebhard alinuna wiki nzima.

Basi mwezi wa pili, akitoka kununua fremu za mizinga yake ya nyuki, akaona gari la Herta limeegeshwa mbele ya mojawapo. Hakuhitaji kuangalia mara mbili, kwa kuwa namba ile aliijua kuliko namba ya simu yake. Ilikuwa namba ya baba yao. Kwa watu wa huko namba fupi ya gari si mchezo. Hurithiwa kama shamba, na ukiwa na tarakimu nne tu kila mtu anajua ukoo wako ni wa zamani. Mzee alipofariki, namba alimwachia Herta, binti mkubwa asiyeolewa aliyemwuguza. Gebhard, mwana wa kiume pekee, alisema ni sawa kabisa. Haikuwa sawa hata siku moja.

Akapita tena Ijumaa, gari lipo. Jumatano iliyofuata lipo. Ijumaa nyingine halikuwapo pale, akazunguka hadi akaliona mbele ya kasino nyingine. Namba ya baba, ukumbi baada ya ukumbi, kama gari la mlevi baa baada ya baa.

Nyumba ya Herta iko hatua mia mbili kutoka kwake. Angeshuka tu, agonge, aseme, dada, nimeona gari lako, kuna nini? Lakini hawa ni watu ambao wanaitana kwa jina la kwanza kuanzia mkulima hadi waziri, na bado jambo la ndani ya nyumba ya mwenzio hawaliulizi hata mtu akikatwa kichwa. Gebhard alikaa mezani akajaza fomu ya makasino ya kuomba mtu afungiwe. Jina la mhusika. Uhusiano wako naye. Unajuaje. Yote aliyaandika kwa mwandiko wake mzuri wa posta. Kisha likaja swali: umezungumza na mhusika kuhusu wasiwasi wako? Vilikuwapo visanduku viwili, ndiyo na hapana. Kalamu ilisimama hapo kwa muda mrefu, na hatimaye akatia alama kwenye ndiyo.

Barua yenyewe hakuitia kwenye sanduku la Ruggell. Alitembea hadi Gamprin, goti lake bovu likilalamika njia nzima, ili vijana wake wa zamani wa posta wasiione anwani. Watu wa kasino walimpigia simu, wakamwuliza maswali matatu, akayajibu, wakamhakikishia kwamba jina lake halitatajwa. Alipokata simu alijisikia mwema kwa muda wa kama robo saa.

Baada ya Jumatano ile, Herta aliacha kwaya. Hakumwaga maneno kwa mtu. Alisema tu koo linamsumbua. Ukweli ni kwamba alipokuwa akiingia chumba cha mazoezi alianza kuzihesabu nyuso, huyu au yule, na alimtazama sana Olga aliyekuwa akikaa naye kiti kimoja tangu ujana, hadi Olga akamwuliza nimekukosea nini. Jumapili aliacha kuja kula knöpfle, vile vitonge vya unga na jibini, kwa mchuzi wa tufaha, chakula alichokuwa akikipika pamoja na Rita jikoni huku wakicheka mambo ya kike. Wale wawili walikuwa mawifi wanaopendana, jambo ambalo hata huko ni adimu.

Rita naye alibadilika. Alianza kuunguza vitu. Aliamka kabla ya jogoo akawa anakaa tu kitandani. Alisema wazee wa Eschen wamemwomba aongeze siku, sasa atakwenda na Jumatatu. Gebhard akadhani anamlilia wifi yake, na kila alipomwona amekaa kimya, moyo ulimchoma. Siku moja, akimenya viazi, Rita alisema bila kuinua macho kwamba aliyemfanyia Herta vile, Mungu atamwonyesha. Gebhard aliondoka akaenda kwenye mizinga, akasimama huko bila kofia ya nyavu mpaka akaumwa mara mbili.

Alikwenda hadi kwa padri. Akapiga magoti kwenye kiti cha maungamo, jasho linamtiririka, sentensi ameipanga tangu nyumbani. Ilipofika zamu ya kusema, aliungama kwamba amewatukana nyuki. Padri alimpa sala tatu, na Gebhard akazisali zote kwa uchungu wa mtu aliyeua.

Mwezi wa nne, Ijumaa moja yenye upepo ule wa joto unaoshuka milimani na kuwaumiza watu vichwa, alipata wazo la kupeleka mtungi wa asali kwa wazee. Alitaka Rita amwone akifanya wema. Kwenye nyumba ya wazee muuguzi aliupokea mtungi, akashukuru sana, na alipoambiwa mume wa Rita amekuja kumchukua mkewe, akakunja uso. Rita Näscher? Alikuja mara mbili vuli ya mwaka jana, basi. Walidhani anaumwa.

Gebhard hakukumbuka alivyofika kwa Herta. Alimkuta bustanini anapalilia vitunguu.

"Rita yuko wapi?"

"Eschen, si ndiyo Ijumaa leo?"

"Nimetoka huko."

"Basi labda amepitia kwa daktari. Macho yanamsumbua."

"Dada."

Herta aliegemeza jembe ukutani, akajifuta mikono kwa aproni, kidole kimoja kimoja. Alisema ameapa juu ya kaburi la mama yao kutosema, na kaburi la mama limsamehe. Kisha akasema.

Rita alikuwa akicheza tangu mwaka jana. Herta alimkuta kwa bahati, siku wanawake wa kwaya walipokwenda kula chakula cha mchana cha bei nafuu kwenye kasino moja. Yeye akitafuta choo, akamwona wifi yake ameketi mbele ya mashine, mdomo wazi kama mtoto mbele ya runinga. Rita alilia, akamwomba asimwambie Gebhard. Herta akakubali kwa sharti moja, kwamba asiende peke yake tena. Tangu siku hiyo walikwenda pamoja. Mlangoni Rita alimkabidhi mkoba, Herta alimhesabia faranga hamsini, halafu akakaa pembeni na kahawa yake anafuma soksi. Ikifika saa kumi alimvuta mkono wa blauzi, wakaondoka. Mashine yeye hakuigusa hata moja. Makelele yake tu yalimpa homa.

"Nilikuwa namshusha kidogo kidogo," alisema Herta. "Hamsini, arobaini, thelathini. Mwezi wa pili tulikuwa ishirini. Ishirini, Gebhard. Alikuwa ameanza kuchoka mwenyewe, ananiambia wifi, leo tuondoke mapema. Pasaka ingetukuta tumemaliza. Halafu mtu akanifungia mimi nje, akamwacha yeye ndani na mkoba wake."

Hapo ndipo angesema. Maneno yalikuwa mawili tu. Herta alikuwa mbele yake, udongo kwenye kucha, anamtazama kwa huruma, jamani, kwa huruma, akidhani kinachomuumiza ni habari za mkewe.

"Twende tukamchukue," alisema Gebhard.

Walikwenda kwa gari la Herta. Alipoegesha, alibaki nje ya milango ya kioo, mikono mfukoni, maana alijua mpaka wake uko wapi. Gebhard alitoa kitambulisho, kikapita kwenye mashine bila neno, kijana akamkaribisha kwa heshima zote. Miaka yote ile ya kuyachukia makasino, hakuwahi kuingia hata moja. Alitegemea kuona wahuni. Alichokiona ni watu wa rika lake, wamevaa vizuri, kila mmoja ameipa dunia mgongo, na zulia linalomeza nyayo. Mwanamke mmoja alimpungia mkono. Walikuwa wakikutana naye kanisani.

Rita alikuwa safu ya tatu, amevaa koti la Jumapili. Mkoba ulikuwa mapajani, wazi. Gebhard alisimama nyuma yake asijue la kufanya, mwishowe akamgusa mkono wa koti, akauvuta kidogo.

"Niongezee dakika tano tu, wifi," alisema Rita bila kugeuka.

Gebhard hakuuachia mkono ule. Rita akabonyeza mara moja zaidi, ndipo akili ikamrudia kwamba Herta hawezi kuwa humo. Akageuka taratibu. Hakulia wala hakujitetea. Aliuliza nani amemwambia, akajibiwa, akatikisa kichwa. Alifunga mkoba, akasimama.

Karibu na mlango palikuwa na meza ndogo ambapo mtu anayetaka kujifungia mwenyewe hutia sahihi. Rita aliisogelea, akamwambia kijana anataka karatasi. Kumbe alikuwa amekwisha kuifikiria wiki nyingi. Mara mbili alifika hadi pale, mara mbili akarudi ndani. Alishika kalamu. Akaiweka chini.

"Mwite Herta," alimwambia Gebhard. "Wewe siwezi. Nikikuona wewe hapa nataka kukimbia. Herta asimame karibu yangu, nitasaini."

Gebhard akaenda mlangoni, akamwita. Herta alipiga hatua moja ndani na kijana akamzuia, kwa adabu, amenyoosha kiganja. Alisema anasikitika sana mama, lakini jina lako limo, hata hapa mapokezi siruhusiwi kukukaribisha. Herta akarudi nyuma bila ubishi, akasimama pale kwenye kizingiti cha mlango, kioo kimebaki wazi nusu.

Rita alimjia juu yule kijana. Mwanamke mpole vile, sauti yake ikafika hadi safu za mashine. Alisema huyu mnayemfungia hajawahi kutia hata senti, mimi ndiye mchezaji, mimi ndiye mliyenikaribisha kila siku kwa tabasamu, na yeye aliyekuwa akinitoa humu kwa mkono mmemtupa nje kwa barua ya mwoga. Akataka aambiwe ni barua ya nani. Kijana akasema hajui, na hata angejua hangesema. Rita akasema basi mtu huyo, popote alipo leo, na asipate—

"Ni mimi," alisema Gebhard.

Alisema kwa sauti ya chini mno, ikabidi aseme tena. Ni mimi niliyeandika. Niliona gari. Hakuongeza kitu, kwa kuwa kila alichotaka kuongeza kilianza na "nilidhani," na alijiona hana haki ya neno hilo.

Rita alimtazama. Herta, kule mlangoni, hakumtazama. Alikuwa akitazama nje, kwenye uwanja, lilipoegeshwa gari. Kijana wa watu aliinamia karatasi zake kana kwamba ndiyo kwanza anajifunza kusoma. Gebhard alingoja apigwe kofi, na angelishukuru. Badala yake Rita aliiokota kalamu, akatia sahihi kila palipotakiwa bila kusita. Akapita mbele yake bila kumgusa, akatoka, akamshika Herta kiwiko, wakaenda.

Gebhard aliwafuata kwa mbali. Walipoingia garini, alisimama kwenye lami akiwa ameamua kutembea. Herta akateremsha kioo.

"Panda. Goti lako halikufikishi hata kwenye mto."

"Nitatembea tu, dada."

"Gebhard, panda."

Akapanda nyuma. Ilikuwa vibaya kuliko kofi. Alikaa nyuma ya vichwa vya wanawake wawili wenye mvi, magoti yamebana kwenye kiti, na hakuna aliyemtukana. Walipita mashamba ambayo mahindi hayajapandwa bado, wakapita kiwanda cha mbao, wakapita njia ya kwenda Gamprin, na uso ulimwaka.

"Ungeniuliza tu," alisema Herta akiwa bado anatazama barabara. "Siku ya kwanza ningekudanganya. Siku ya pili ningekuambia."

Gebhard akataka kuomba msamaha. Alifungua kinywa, akaliona neno lenyewe lilivyo jepesi, angelitoa na kushuka nyumbani akiwa ametua mzigo, na mzigo ubaki kwao. Alilirudisha. Akatafuta kitu kingine cha kusema, na hakupata ila lile ambalo hakuwa ameliuliza mwaka mzima, wala kumwuliza yeyote.

"Ulianza lini, Rita?"

Rita alifungua mkoba wake, akaufunga tena.

"Wiki ile uliyostaafu," alisema. "Nilikuwa natafuta mahali nikae kidogo bila mtu wa kunisahihisha."

Herta akabadilisha gia, wakaingia kijijini.